Ngurdoto, Kisiwa Kisicho na Bahari

Mtu wa Unguja au Pemba akisikia neno kisiwa, mara huwaza maji. Lakini wataalamu wa wanyama hulitumia neno hilo kwa maana nyingine pia. Kipande cha msitu kilichozungukwa na mashamba, au mlima wenye miti uliosimama katikati ya mbuga kavu, kwao ni kisiwa vile vile, maana mnyama aliyemo hana pa kwenda, na akipotea hakuna mwenziwe wa kuja kushika nafasi yake. Kwa maana hiyo mlima Meru, ulioegemewa na mji wa Arusha, ni kisiwa. Na ubavuni mwake, upande wa mashariki, kiko kisiwa kidogo zaidi, nacho ni kasoko ya Ngurdoto, yaani shimo kubwa lililoachwa na mlima wa moto uliozimika zamani. Hapo mtazamaji wa wanyama huambiwa: tazama upendavyo, piga picha upendavyo, lakini mguu usitie.

Kwa sisi tukaao visiwani mahali hapo pana mambo ya kutufaa, na si kwa matembezi tu.

Atokaye kwetu huvuka mpaka Dar es Salaam, na kutoka huko ni safari ya basi ya siku nzima, zaidi ya kilomita 600, kwa njia ya Korogwe, Same na Moshi. Si lazima afike Arusha mjini. Kabla ya kuingia mjini uko mji mdogo uitwao Usa River, na hapo njia ya hifadhi huachana na barabara kuu ikaelekea kaskazini, ikipita kwenye migomba na kahawa mpaka lango la Ngurdoto. Mara baada ya lango, mkono wa kushoto, hufunguka uwanda wa majani waliouita Serengeti Ndogo, ambapo punda milia, nyati na ngiri huonekana karibu na njia. Mbele kidogo njia hugawanyika. Ya kushoto hwenda kwenye maziwa ya Momella. Ya kulia huingia msituni na kupanda mpaka ukingo wa kasoko.

Msitu wenyewe una kivuli kizito, na miti imevaa kuvu na ndevu za mwani wa miti kwa sababu ya ukungu. Ukifika juu, ghafla miti huachana na unajiona umesimama ukingoni mwa bakuli lenye upana wa yapata kilomita tatu. Kuta zake zimefunikwa msitu, na chini kabisa ni kinamasi na majani ya kijani. Nyati wakiwa malishoni huko chini, kwa macho matupu huonekana kama karafuu kavu zilizomwagika juu ya jamvi. Kila kituo cha kutazamia kina jina lake. Kilicho juu kuliko vyote ni Leitong, yapata mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Kimoja huitwa Mikindu, na mtu wa kwetu hana haja ya kuelezwa sababu, maana mikindu iliyopo ni ile ile ambayo ukindu wake tunasukia mikeka.

Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 1960 ikiitwa kwa jina la kasoko ya Ngurdoto. Upande wa mlima Meru ukaongezwa baadaye, na mwaka 1967 yote ikaitwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Katikati ya mambo hayo, Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru wa Tanganyika, Mwalimu Nyerere alitoa tamko lake la kuahidi kuwalinda wanyama wa pori, na alilitoa katika mkutano uliofanyika papo hapo Arusha. Kwa kasoko amri iliyowekwa ni nyepesi kuisema: wageni hawashuki chini. Hakuna njia ya gari wala ya miguu kwa watalii, na hakuna kambi. Ukitaka kuona, kaa ukingoni.

Wapo wapiga picha wanaonung'unika kwa amri hii. Mtu amebeba kamera ya thamani kutoka Ulaya, naye anataka uso wa nyati ujaze karatasi nzima, na hapa anampata mnyama mdogo kama tundu la sindano. Mimi naona wanakosea. Picha ya uso wa nyati iko kila mahali, na aliyeiona moja ameziona zote. Lakini picha ya kundi zima likiwa katika mambo yake, lisilojua kama latazamwa, wengine wakinywa, wengine wakilala topeni na ndama wakiwa katikati, hiyo hupatikana kwa shida penye magari, kwa sababu gari likikaribia tu mambo yale hukoma na wanyama wote huinua vichwa. Ngurdoto hawainui vichwa. Hata mwenye simu ya kawaida aweza kujaribu, kwa kuweka jicho la simu kwenye jicho la darubini na kuegemeza mikono juu ya jiwe ili isitetemeke. Picha haitakuwa safi sana, ila idadi ya wanyama itahesabika, na hilo ndilo jambo kubwa, kama tutakavyoona.

Kinachohitajika zaidi ni subira. Mara nyingi asubuhi bakuli lote hujaa ukungu mweupe, na mgeni mwenye haraka hutazama, akaona kama sufuria ya maziwa, akaondoka. Aliyezoea hukaa chini, akafungua chakula chake, akangoja. Ukungu huinuka vipande vipande, na kila kipande kikiinuka huonyesha kitu. Mchumaji wa karafuu aliyezoea kukaa juu ya mti tangu asubuhi, akamwona ndege na kima na popo bila wao kumjali, ana kazi hii mikononi tayari.

Ukiwa ukingoni, usisahau kutazama juu pia. Katika msitu huo wako mbega, wale weusi wenye joho jeupe mgongoni na mkia wenye kishungi cheupe. Alfajiri dume mmoja hunguruma, kundi la jirani likajibu, kisha la mbali zaidi, mpaka sauti ikazunguka mlima. Mbega ni ndugu wa kima punju wetu wa Jozani, na kama huyo, mkono wake hauna kidole gumba cha maana. Lakini tabia zao hazifanani. Kima punju hukaa karibu na watu na mashamba, hata wataalamu wamemwandika kwamba hula makaa ili kutuliza tumbo kwa majani anayoyala. Mbega wa Meru huishi juu sana, na hushuka mara chache. Kumpiga picha ni kazi, kwa kuwa nyeupe yake na weusi wa msitu huidanganya kamera: mnyama hutoka kama nuru tupu na msitu kama usiku. Dawa yake ni kupima mwanga kwenye ule weupe na kuuacha msitu uwe mweusi kadiri utakavyo. Picha nzuri ni ile anaporuka, na joho limefunguka kama tanga. Ngoja aanze wa kwanza. Wengine hupita tawi lile lile, mmoja baada ya mmoja.

Kutoka hapo msafiri hurudi kwenye njia panda, akafuata ile ya Momella. Maziwa haya ni machache, mengine makubwa na mengine kama madimbwi, na yalipatikana pale upande wa mashariki wa mlima Meru ulipobomoka zamani za kale na kumwaga tope na mawe mpaka uwandani. Mashimo yaliyobaki katikati ya tope lile ndiyo yaliyojaa maji. Maji yenyewe yana magadi. Kila ziwa lina mwani wa namna yake, kwa hiyo moja ni kijani, jingine la buluu, na ndege nao hugawana kufuatana na chakula. Heroe wadogo hufuata mwani ambao ndio uwapao rangi nyekundu. Kuna siku huonekana kwa maelfu, na kuna siku hutakuta hata mmoja, maana hawana makao pale. Huzunguka maziwa yote ya magadi ya nchi hizi na huzalia Natron, kaskazini ya Arusha. Asubuhi yenye hewa safi mlima Kilimanjaro huonekana nyuma ya maji. Twiga ni wengi. Simba kwa kawaida hakuna, na kwa sababu hiyo mtu huruhusiwa kutembea kwa miguu akiongozana na askari wa hifadhi mwenye bunduki. Bunduki ni kwa ajili ya nyati.

Momella hapo ndipo walipokuja watu wa Marekani na kupiga filamu iitwayo Hatari!, iliyotolewa mwaka 1962, na ndani yake yumo John Wayne. Hadithi yake ni ya watu waliokuwa wakiwakimbiza wanyama kwa magari na kuwakamata kwa kamba ili wauzwe katika bustani za wanyama za Ulaya na Marekani. Mjerumani mmoja aliyeigiza humo, Hardy Krüger, alipapenda mahali hata akanunua shamba. Wazee wa Arusha wangali wakiizungumza filamu ile. Kwangu mimi jambo la kushangaza ni kwamba katika filamu hiyo vifaru wanaonekana wakikimbizwa, wakubwa kweli, wenye hasira kweli.

Tulisema kwamba kila kituo cha ukingoni kina jina. Kimoja chaitwa Ukingo wa Kifaru. Ukisimama hapo leo, utatazama mpaka macho yachoke, na faru hutamwona, kwa sababu hayupo. Walikuwapo hifadhi ilipoanzishwa. Kisha katika miaka ya 1970 na 1980 ujangili uliwamaliza faru weusi karibu kila mahali Tanzania, kwa ajili ya pembe zao, na Ngurdoto ikapoteza wake pamoja na wengine. Mahali palipokuwa na nchi kubwa nyuma yake, masalio yaliweza kulindwa na kuongezeka tena kidogo kidogo. Hapa hapakuwa na masalio wala jirani wa kutoka kwake. Jina likabaki.

Hapo ndipo neno kisiwa linapopata uzito. Mwaka 1996 mtaalamu wa Marekani, William Newmark, alichapisha uchunguzi juu ya hifadhi sita za Tanzania. Alilinganisha orodha za zamani za wanyama wakubwa na wale waliokuwapo wakati wake, akakuta kwamba kadiri hifadhi ilivyokuwa ndogo ndivyo ilivyopoteza jamii nyingi zaidi. Hifadhi ya Arusha kwa miaka mingi ilikuwa na kilomita za mraba 137 tu. Pemba yetu ni kubwa mara saba kuliko hiyo. Baadaye msitu wa mlima Meru uliongezwa ikapanuka, lakini msitu wa juu wenye baridi si malisho ya kila mnyama. Zamani tembo na wengine walitoka Meru upande wa kaskazini na mashariki, wakavuka uwanda mpaka magharibi ya Kilimanjaro, na kutoka huko mpaka Amboseli katika Kenya, wakarudi. Njia hiyo mwaka hata mwaka imekuwa nyembamba, kwa mashamba na nyumba.

Sasa, sisi ni wakulima, na haitupasi kumtupia lawama mkulima mwenzetu bila kusikia habari yake. Kaskazini ya Momella ni Ngarenanyuki, ambapo watu hulima nyanya na vitunguu kwa maji ya mfereji. Tembo mmoja akiingia usiku mmoja, mwenye shamba hana la kuuza msimu ule. Tena ardhi ile ina historia. Mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliwahamisha Wameru yapata 3,000 kutoka Ngarenanyuki kwa nguvu, nyumba zao zikachomwa, ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu kwa ufugaji. Wameru hawakunyamaza. Walichanga fedha, na mwaka 1952 wakampeleka Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa, New York, akalieleza shauri lao mbele ya mataifa. Kesi hiyo ilitangaza jina la Meru duniani kabla ya mtalii yeyote kufikiria kasoko. Mtu ambaye babu yake alitolewa shambani kwa bunduki, ukimwambia leo aache ukanda wa ardhi tembo apite, huna budi kumwambia kwa adabu, na tena uwe na cha kumlipa. Lakini ukanda ukizibwa kabisa, hesabu ya Newmark haitasubiri makubaliano.

Nasi kwetu ukanda hauwezekani kabisa. Bahari haipitiki.

Tunaye shahidi wetu. Chui wa Unguja alikuwa mdogo kuliko wa bara, na madoa yake yalikuwa ya namna yake. Mwaka 1932 Pocock wa London alimpa jina la kitaalamu kwa heshima ya Dk. Aders aliyefanya kazi Zanzibar, yule yule ambaye jina lake liko pia kwa paa nunga. Watu wengi waliamini kwamba chui wengine wanafugwa na wachawi na kutumwa kwa ubaya. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ilifanywa kampeni ya kuwafichua wachawi na kuwaua chui, ikiongozwa na mganga aitwaye Kitanzi, na baada yake wawindaji waliendelea. Leo tunayo ngozi chache katika majumba ya makumbusho, nyingine zimekwisha pauka. Mwaka 2018 Mmarekani mmoja mpiga filamu, Forrest Galante, alitangaza kwamba kamera aliyoitega msituni ilimnasa chui usiku. Wataalamu wengi hawajaridhika, na tangu hapo hakuna aliyeleta picha ya pili. Kama mnyama yule angekuwa amepigwa picha pamoja na tarehe na mahali, katika miaka ya 1950 tu, na wenyeji wenyewe, leo tungejua alikuwa wapi, wangapi, na alitoweka wapi kwanza. Hatujui. Faru wa Ngurdoto angalau wameandikwa.

Yako pia ya kutia moyo. Popo wa Pemba, yule mkubwa asiyepatikana popote pengine ulimwenguni, alikuwa amewindwa kwa nyama mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980 alikaribia kwisha. Vijiji vikaanzisha vikundi vya kumlinda, Kidike kikiwa kimoja chao, na watu wakawa wanahesabu popo wanaotoka mitini jioni. Idadi ikapanda mara kadhaa, ikajulikana kwamba inapanda, kwa sababu kulikuwa na hesabu ya mwanzo ya kulinganisha. Kima punju wachache walihamishiwa msitu wa Ngezi, Pemba, mwaka 1973 na 1974, na paa nunga wachache walipelekwa kisiwa cha Chumbe mwishoni mwa miaka ya 1990. Hao nao watajulikana wamefika wapi kwa kutazamwa tu.

Kwa hiyo mwanachama mwenye simu yenye kamera, na siku hizi ni wengi, aweza kufanya kama wafanyavyo watazamaji wazuri wa Ngurdoto. Achague mahali pamoja shambani mwake au ukingoni mwa msitu, asimame hapo hapo kila mara, aelekeze kamera upande ule ule, mathalani kila mwanzo wa mwezi, jioni kwa ajili ya popo na asubuhi kwa ajili ya paa na kima. Asimkaribie mnyama. Asimtupie chakula ili ageuke. Picha ikiwa na mnyama ama haina, aihifadhi, maana picha tupu nayo ni hesabu. Aandike tarehe, saa, jina la mtaa na jina la mwenye shamba, na kama mikarafuu ilikuwa katika maua au imekwisha chumwa, kwa kuwa wakati wa uchumaji watu huwa wengi mashambani na wanyama huhama. Picha za popo zipelekwe kwa walinzi wa kikundi cha kijiji kilicho karibu. Za paa nunga na kima zipelekwe kwa ofisi ya misitu, na nakala ibaki nyumbani.

Na atakayesafiri kwenda Meru achague miezi ya kiangazi, Juni hadi Oktoba au Januari na Februari, maana wakati wa masika njia ya ukingoni huwa tope na ukungu huweza kukaa mchana kutwa. Achukue nguo ya baridi, mtu wa pwani hudharau baridi ya mita 1,850 mpaka imfike, na achukue darubini kuliko lenzi ya pili. Aombe kufikishwa Leitong kwanza, kabla jua halijawa kali, kisha Mikindu. Mwisho akipita Ukingo wa Kifaru apige picha moja ya bonde, ingawa hamna kitu ndani yake, na aandike tarehe.